Siku Moja Maishani Mwangu: Karani wa Hawala Islii

Mimi ni karani katika duka la hawala, yaani la kutuma pesa kupitia mawakala wa miji mingine, mtaani Eastleigh, Nairobi, ambako wenyeji huita Islii. Ninaandika haya kwa sababu siku hizi watu wengi wakisikia neno hawala hufikiria ugaidi, ilhali wazee wetu walipokea hawala ya posta bila mtu yeyote kuwatazama kwa jicho baya.

Saa moja na nusu asubuhi ninahesabu dola na shilingi za droo, kisha ninawapigia mawakala wa Kismayo, Somalia, na wa kambi ya wakimbizi ya Dadaab kujua kila mmoja ana akiba kiasi gani. Kufikia saa tatu nimehudumia wateja kumi na mmoja, wengi wao wakituma dola 50 au 100 za karo, dawa na kodi ya nyumba.

Saa tatu na robo mwajiri wangu alirudi kutoka benki. Akaunti yetu itafungwa katika muda wa siku 30, na meneja hakumpa sababu ila kwamba sera imebadilika. Msomaji anaweza kuuliza akaunti ni ya nini, kwa kuwa wakala wa Kismayo humlipa mteja kutoka droo yake mwenyewe dakika chache baada ya mimi kupokea pesa hapa. Jibu ni kwamba deni hilo kati yetu na yeye lazima lilipwe baadaye, mara nyingi kupitia Dubai, na bila benki hulipwa kwa pesa taslimu zinazobebwa mkononi, jambo ambalo ni la hatari na ambalo hakuna mkaguzi anayeweza kulifuatilia.

Hatukuwa wa kwanza. Novemba 2001 Marekani iliifunga Al-Barakaat, kampuni ya Kisomali ya kutuma pesa, na mwaka 2013 benki ya Barclays nchini Uingereza iliamua kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma pesa, hata Dahabshiil, kampuni nyingine ya Kisomali, ikalazimika kwenda Mahakama Kuu ya London kuomba zuio. Hapa kwetu, Aprili 2015, baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala. Wakati huo nilikuwa mgeni kazini, na bado ninawakumbuka akina mama waliokuja kila asubuhi kutazama kufuli mlangoni.

Saa nne aliingia mzee anayeuza nguo, akitaka kumtumia dadake aliyeko Kismayo dola 180 za kusafishwa figo. Nilipoandika jina la dada huyo kompyuta ilisimama, kwa maana lilifanana na jina lililomo katika orodha ya waliowekewa vikwazo. Majina ya Kisomali ni matatu, la mtu, la baba na la babu, na maelfu ya watu wana majina hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Tarehe ya kuzaliwa haikutusaidia, kwa sababu kitambulisho chake cha ukimbizi kinasema Januari 1, kama vya wengine wengi ambao siku yao halisi haikujulikana waliposajiliwa. Niliomba jina kamili la mama mzazi, nikapeleka nakala za hati kwa wakaguzi wetu wa Dubai, wakazirudisha, nikazipeleka tena.

"Binti yangu, miaka tisa ninatuma hapa, leo umenisahau?"

"Sijakusahau, mzee wangu. Nivumilie kidogo."

Alivumilia mpaka adhuhuri. Baada ya hapo alipaza sauti kwamba tumekula pesa zake, na foleni nzima ikaninyamazia huku ikinitazama. Sikumjibu, kwa sababu ningekuwa na dada anayengoja mashine ya figo ningepiga kelele zaidi yake. Nilikosa chakula cha mchana, miguu ikavimba, na sikumbuki vizuri saa ngapi Dubai waliruhusu, ila adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Mzee alipokea risiti, akaisoma mara mbili, akanishika mkono. Muamala huo mmoja umeacha kurasa sita katika faili, na hiyo ndiyo kazi ambayo benki haitaki kuihudumia tena.

Jioni tulizungumza kuhusu njia nyingine. M-Pesa inatufaa kwa Dadaab, lakini muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na mfanyabiashara wa jumla huleta mara nyingi ya hapo. Kijana wa mwajiri alipendekeza sarafu za kidijitali, ila wakala wa Kismayo anahitaji noti au salio la EVC Plus, pesa za simu za Somalia, ili mteja wake anunue dawa usiku uleule. Benki ya pili ilikataa ilipofika tu kwenye mstari wa aina ya biashara katika fomu yetu.

Ni usiku sasa, nami ninajaza fomu ya benki ya tatu. Rafiki yetu ametushauri tuandike "huduma za fedha" katika mstari huo. Nimeandika hawala, na nimeambatisha nakala ya leseni.