Taa ya ngazi inayojiwasha

Huku Mabatini, Mwanza, nyumba zimepanda mlima, na ngazi yetu ni mawe tu yaliyosogezwa yakakaa. Mgeni akija usiku anapanda kwa kupapasa. Swichi iko ndani, na jioni hakuna anayeikumbuka. Nikaona bora taa ijiwashe yenyewe.

Vifaa ni vichache: LDR (rezista inayohisi mwanga), ambayo ndiyo jicho lenyewe, transista BC547, yaani swichi ndogo ya umeme yenye miguu mitatu (kolekta, besi na emita), rezista ya kilo-omu 47 na nyingine ya omu 150, LED nyeupe, na chaja ya zamani ya simu yenye volti 5. Rezista nilizing'oa kwenye redio mbovu. LDR nilinunua kwa fundi redio mjini. "Hii haina chanya wala hasi, dada," akaniambia, "funga unavyotaka."

LDR ikipata mwanga ukinzani wake unashuka, gizani unapanda sana. Rezista ya 47 inatoka kwenye chanya hadi besi ya transista, na LDR inatoka hapo hapo besi kwenda hasi. Mchana umeme unapitia kwenye LDR, besi inabaki karibu na sifuri. Jua likizama njia hiyo inabana, na volti za besi zikifika 0.6 au 0.7 hivi, transista inafunguka kupitisha umeme na LED inawaka. LED imefuatana na rezista ya 150 kutoka chanya hadi kolekta. Emita iko kwenye hasi. Ukishika BC547 uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita.

Kuchomea risasi hakuchukui muda. Kazi ni kuamua jicho litazame wapi. Likitazama ziwani, jua linakozama, taa inachelewa kuwaka, maana maji na anga bado vinang'aa wakati ngazi imeshakuwa nyeusi tii. Likitazama jiwe kubwa la nyuma, inawaka watoto bado wako kwenye mpira. Langu linatazama juu, pembeni kidogo ya paa. Halafu lisiuone mwanga wa LED yenyewe, la sivyo litadhani kumekucha na taa itabaki inawaka nusunusu. Kipande cha ganda la kalamu kilichozungushiwa tepu nyeusi kinatosha kulikinga.

Vyote viko ndani ya kopo la plastiki linalopitisha mwanga. Wale wadudu wa ziwani wakija, wanalivamia kopo usiku kucha, na asubuhi lazima nilifute. Mizoga ikiziba juu ya jicho, taa inawaka mchana kweupe.

Anayetaka kuwasha balbu kubwa asiifunge hapa. Kikomo cha BC547 ni miliampea 100, na umeme wa ukutani wa volti 230 mwachie fundi umeme. Mama mwenye nyumba ameshaagiza yake ya bandani kwa kuku. Nimemwambia alete chaja.