Barabara moja, malipo mawili

Nikisema ruzuku, usifikirie mifuko ya mbolea. Huku Iowa, jimbo la Marekani ambako naendesha lori la nafaka msimu wa mavuno, ruzuku ni pesa taslimu zinazoingia benki, na kiasi chake mara nyingi huamuliwa na jina la kaunti lililo kwenye karatasi za shamba.

Mzee ninayemfanyia kazi analima pande zote mbili za barabara ya changarawe ambayo ndiyo mpaka wa kaunti. Udongo ni uleule mweusi, mbegu ya soya ni moja, na mashine ikimaliza upande huu huvuka tu kwenda ule. Mwaka 2018, China ilipopandisha ushuru wa soya ya Marekani, serikali ya Trump iliwafidia wakulima dola 1.65 kwa busheli, yaani kama kilo 27. Ulilipwa kwa ulichovuna, basi. Mwaka 2019 wakabadilisha: malipo kwa ekari, kila kaunti na kiwango chake, kati ya dola 15 na 150. Mzee akajikuta analipwa bei mbili kwa soya ileile. Nilipomuuliza sababu, aliinyoshea kidole barabara, akaendelea kunywa kahawa yake.

Fidia ile ilipita, lakini mstari wa kaunti haujaenda popote. Sheria ya kilimo ya 2014 ilileta ARC, mpango wa kuwafidia wakulima mapato yakishuka, na aina yake ya kaunti huangalia mapato ya wastani ya zao katika kaunti nzima. Wastani ukishuka chini ya kiwango cha dhamana, mnalipwa. Sasa mvua ya mawe ikushukie wewe peke yako. Niliwahi kuona mahindi yaliyopigwa hivyo: majani yamechanika nyuzinyuzi, mabua yamelala, harufu kama nyasi zilizofyekwa asubuhi. Jirani wakivuna vizuri, ARC haina habari nawe. Utategemea bima ya mazao, ambayo serikali nayo huchangia sehemu kubwa ya ada zake.

Tena malipo ya ARC hayafuati ulichopanda mwaka huu. Yanafuata ekari za msingi, zilizowekwa kwa historia ya shamba tangu zamani, na hulipwa asilimia 85 tu ya hizo. Mimi naona huko ni kulipa kumbukumbu, si kilimo, ingawa mzee hapendi niseme hivyo.

EWG, shirika la Marekani la kutetea mazingira, limeweka malipo haya mtandaoni, kaunti kwa kaunti, jina kwa jina, na watu huyachungulia kama orodha ya michango ya harusi. Ruzuku ya bima haimo kwa majina. Mwenye ardhi anayeikodisha kwa mwingine kwa pesa taslimu pia hamo, kwa sababu anayelipwa ni mpangaji. Jina la mzee limo, na majirani wanajua kiasi chake. Wasichokiona ni kwamba karibu nusu ya ardhi anayolima si yake, na malipo yakinona, kodi nayo hupanda.

Kwa sheria ya Iowa, mwenye shamba anayetaka kuvunja mkataba wa mpangaji wake hutoa notisi kufikia Septemba 1. Basi mwezi wa Agosti simu ikilia, mzee huipokea kwa upole ambao mimi sijawahi kusemeshwa nao.