Kurudi Tanga kwa Njia Ndefu

Kwa miaka mingi nimerudi Tanga kwa basi, nikilala tangu Chalinze na kuamka Pongwe, kwa hiyo njia ya kwetu nilikuwa naijua kwa majina ya vituo tu. Likizo hii, masika yakiwa yamekwisha na kipupwe kimetulia, nilifunga begi kwenye keria ya pikipiki nikaondoka Dar es Salaam alfajiri, kwa nia ya kupitia Bagamoyo na kupanda milima ya Usambara hadi Amani kabla ya kuteremka nyumbani.

Kaole, penye magofu ya mji wa kale, palinipendeza kuliko mji wenyewe wa Bagamoyo, ambao wageni huumaliza kwa picha za milango. Msikiti wake wa kale huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, na baadhi ya makaburi ya matumbawe yana nguzo zilizowahi kupachikwa mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa jahazi kutoka ng'ambo; leo yamebaki matundu. Kutoka Msata hadi Segera sina la kusimulia isipokuwa malori, matuta na askari wa usalama barabarani.

Baada ya Segera nilianza kupunguza mwendo, kwa sababu mashamba ya mkonge yanataka kutazamwa polepole. Korona, yaani kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, unainusa kabla hujaiona: ule uchachu mzito wa majani yaliyosagwa, ambao ndani ya basi lenye vioo vilivyofungwa haukufikii kabisa. Nje ya korona singa, nyuzi za mkonge, zilikuwa zimeanikwa kwenye nyaya, mstari baada ya mstari, zile za asubuhi zikiwa bado na ukijani na maji yakichuruzika kwenye ncha, na za jana zimekwisha kuwa nyeupe.

Muheza nilisimama kununua machungwa. Mama muuzaji aliitikia shikamoo yangu huku akimenya, ganda likishuka utepe mmoja bila kukatika, kisha akanitazama kifuani. "Mwanangu, Amani unapanda na hicho kishati?"

Alikuwa na haki. Kuanzia Sigi barabara ya vumbi inajipinda ndani ya msitu, gia ya pili ndiyo inayofanya kazi kubwa, na kila kona inakuongezea baridi, mpaka unapofika juu kwenye mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari vidole vimekufa ganzi kwenye breki. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti waliyoikusanya kutoka pande nyingi za dunia, na mingi ingali imesimama. Katika misitu hii ya Usambara ndiko linakoota lile ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku kwetu, alilipeleka Ulaya, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi, Saintpaulia, kutokana na jina lake.

Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliingiza mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Nilikaa chini ya mti mmoja nikizipima safari hizo mbili. Ua lilitoka kimyakimya likaenda kupamba madirisha ya watu wasioijua Usambara, na mkonge ukaja ukala ardhi, ukavuta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali, na wengi wao hawakurudi kwao, wakawa Watanga. Mtaani kwetu wapo wajukuu zao, nami nimekua nao bila kuwauliza babu zao walitoka wapi. Sioni kama biashara ile ilikuwa ya haki, lakini siwezi pia kuiwazia Tanga isiyo na watu hao.

Niliingia mjini magharibi, nimejaa vumbi hadi kwenye kope, na mama akakataa kunipa mkono kabla sijaoga. Likizo haijaisha, juma lijalo naelekea Pangani kuitafuta Kikogwe, na safari hii nitavaa koti.