Saa tisa usiku, chupa na mkanda wa Bobi

Nimemaliza kuwalisha hawa paka wachanga watatu sasa hivi na usingizi umegoma kurudi, kwa hiyo bora niandike. Wana siku kumi hivi. Waliletwa shelta, yaani kituo cha kupokea wanyama wasio na kwao, juzi kwenye boksi la viatu, wakiwa wanne, mmoja alishapoa kabisa na hatukumuwahi. Watu wengi hawajui kwamba paka mchanga akiwa wa baridi humpi maziwa, unampasha moto kwanza, unamweka kifuani ndani ya shati mpaka joto limrudie ndo unamshika na chupa, maana tumbo lililopoa halisagi kitu na hayohayo maziwa yatamuua. Na humlazi chali kama mtoto wa binadamu, analala kifudifudi vile angenyonya kwa mama yake, afu akishiba unachukua pamba yenye maji ya uvuguvugu unampangusa huku chini taratibu mpaka akojoe, mwenyewe bado hawezi, ni mama yake ndo angemlamba. Kila baada ya saa mbili, saa tatu, mchana na usiku.

Nayaandika yote haya kwa sababu kwenye shelta nyingi hawa watatu wangekuwa wameshakufa. Ugonjwa hawana. Ni kwamba jioni shelta inafungwa, watu wanaenda makwao, na hakuna wa kubaki na chupa. Basi, hicho tu. Paka wa wiki moja asiye na mlezi wa usiku anachomwa sindano ya kumuua siku hiyohiyo aliyoingia, na yule aliyemchoma anaenda kujifungia chooni dakika kumi halafu anatoka anaendelea na kazi. Nimemwona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja, na kila nikisikia mtu anawaita wale watu wauaji moyo wangu unauma kweli, kwa sababu ndo haohao wanaowajua wanyama kwa majina.

Ila usiku huu kilichoniamsha kichwani ni mbwa mmoja, Bobi.

Mi nilianza kujitolea nikiwa na hasira. Niliamini wanyama wanakufa kwa sababu watu ni wabaya, mtu anachukua mbwa akiwa mdogo anapendeza, akikua anamchoka, anakuja kumbwaga kwetu na sisi ndo tubebe dhambi yake. Nilikaa mabandani karibu miaka miwili na hiyo hasira, nafagia, namwaga maji, natembeza mbwa, na kila kadi mpya ikibandikwa kwenye wavu naisoma ile sababu ya kuletwa na kumlaani moyoni aliyeiandika. Sikuwahi kukutana na hao watu hata mmoja. Mabandani huwaoni, unaona kadi tu.

Siku moja dada wa mapokezi akaumwa nikaambiwa nimshikie zamu. Ndo akaja mzee mmoja na mbwa wa miaka kumi na moja, mdomo umeota mvi mpaka karibu na macho, wanatembea pole pole wote wawili kama wamekubaliana. Alikuja na blanketi lake limekunjwa vizuri, na mfuko mdogo una vidonge vya viungo na karatasi imeandikwa kwa mkono, kimoja asubuhi, kimoja jioni, afiche kwenye chakula la sivyo atakitema. Sasa jamani, mtu aliyemchoka mbwa wake hakunji blanketi vile! Mi sikuliona hilo. Nilimpa fomu, kuna sehemu ya sababu ina vibox vya kutiki, nahama, sina muda, aleji, mengineyo. Akatiki mengineyo. Sikuuliza. Nikagonga muhuri. Akaniuliza, mwanangu, atakaa na mwenzake au peke yake, kwa sababu usiku hajazoea kuwa peke yake. Nikamjibu atakuwa sawa mzee, tena kwa ile sauti ya kumfukuza mtu, na sikumwangalia usoni.

Bobi siku ya pili akaacha kula. Siku ya tano akaanza kikohozi, kile cha mabandani ambacho mbwa hamsini wakikaa hewa moja lazima kipite. Mbwa mzee, anakohoa, hali, na nje kuna foleni, siku ya tisa jina likaingia kwenye orodha ya wa kuchomwa sindano. Siku hiyo sikuwa na zamu. Niliporudi banda lilikuwa limeoshwa na kuna mbwa mwingine ndani.

Baada ya wiki tatu mzee akarudi, anatembelea fimbo. Alikuwa ameenda kufanyiwa upasuaji wa nyonga, anaishi peke yake, hakuwa na mtu wa kumwachia mbwa. Hakuja kumdai, alijua amesaini, alikuja kuuliza tu kama Bobi alipata watu wazuri. Na aliyekuwa pale mapokezi ni mimi tena.

Nilimwambia ukweli. Akanyamaza muda mrefu, akauliza kama wakati Bobi anaondoka alikuwa na mtu, nikasema ndio, daktari alimshika kichwa, na hilo sikudanganya kwa sababu nilikuwa nimeshaliuliza mwenyewe. Akaomba ule mkanda wake wa shingoni. Tukautafuta hatukuuona. Akashukuru, akaondoka.

Wiki tatu. Alichohitaji yule mzee ni mtu wa kukaa na mbwa wake wiki tatu, na mi nina sebule.

Toka siku ile nimekuwa nasoma sana mambo haya na kuuliza kila anayejua, na kitu kimoja kimenikaa, kwamba kifo cha mnyama wa shelta huwa kinaanzia pale mapokezi, chumba cha sindano ni mwisho wa safari tu. Tunapigania kuwatoa wanyama kwa mlango wa nyuma, picha nzuri, siku za kuasili, punguzo, sawa, yote yanasaidia, mi mwenyewe napiga hizo picha. Lakini kama mlango wa mbele umeachwa wazi na hakuna anayeuliza swali, unachota maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Huko Marekani, maana wao wanahesabu, inakadiriwa miaka ya 1970 mbwa na paka waliokuwa wanauawa kwenye shelta walikuwa kati ya milioni 12 na milioni 20 kila mwaka. Niliposoma nilidhani macho yangu yananidanganya. Mwaka 2011 ASPCA, shirika lao la kutetea wanyama, walikadiria wameshuka mpaka kama milioni 2.6, na 2019 wakasema kama 920,000. Bado ni wengi mno, kila mmoja wao alikuwa na sura yake, lakini ukitoka mamilioni yale mpaka hapo ujue kuna kitu kilifanyika, na kikubwa kabisa kilikuwa kufunga vizazi. Los Angeles walifungua kliniki ya umma ya kufunga uzazi wa mbwa na paka mwanzoni mwa miaka ya 1970, halafu pole pole shelta zikaacha kumtoa mnyama bila kumfanyia kwanza. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne mitano tu, anabeba kama siku 63 mpaka 65, na anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Kwa hiyo kila upasuaji mmoja, hilo boksi la viatu na mengine yanayolifuata hayaji.

Paka wa nje nao, wale wasioshikika, wasiotaka binadamu, hao zamani ukiwaleta shelta ilikuwa sindano moja kwa moja, nani atamuasili paka anayekurukia usoni. Mwaka 2008 Jacksonville, Florida wakaanza utaratibu kwamba paka wa nje akiletwa anafungwa kizazi, anachanjwa, anakatwa kincha kidogo cha sikio ili ajulikane ameshafanyiwa, halafu anarudishwa palepale alipokamatwa. Kama alikuwa mnene na ana manyoya safi maana yake ana pa kula, ana maisha yake, tulimtoa ili iweje? Mwaka 2014 Dk. Kate Hurley wa Chuo Kikuu cha California, Davis na Dk. Julie Levy wa Chuo Kikuu cha Florida wakaanzisha kampeni ya Million Cat Challenge, kuzisaidia shelta kufanya mambo ya aina hii kwa pamoja, na hiyo milioni ya paka wakaivuka.

Lakini lililonigusa zaidi ni la 2013, kikundi kinaitwa Downtown Dog Rescue, wao walienda kukaa palepale kwenye shelta ya South Los Angeles na kuongea na kila anayekuja kumwacha mnyama wake. Wanamuuliza nini kimetokea. Basi. Na majibu ndo hayahaya ninayoyasikia mimi siku hizi, fensi imebomoka mbwa anatoka, mwenye nyumba amekasirika, mbwa anaumwa na hela ya daktari hakuna, mtu ana faini hajalipa. Vitu vya kurekebisha! Mtu yuko tayari kumwacha rafiki yake wa miaka sita kwa sababu ya uzio. Na alikuwa analia wakati anasaini, mi nilikuwa nadhani wanaolia wanaigiza.

Kuna hesabu nyingine ambayo nilielezwa na daktari wetu akaichora nyuma ya bahasha. Shelta ina mabanda 40. Kila mbwa akikaa siku 30, kwa mwaka unapitisha kama mbwa 480. Akikaa siku 15 mabanda ni yaleyale, wafanyakazi walewale, lakini wanapita zaidi ya 960. Sasa angalia mambo yanayomrefushia mbwa zile siku, chanjo haikutolewa siku anaingia akaambukizwa, picha haikupigwa, fomu ya kuasili ina maswali thelathini, daktari wa kufunga kizazi anakuja Alhamisi tu. Hakuna hata moja hapo linalohitaji mtu mbaya ili limuue mbwa. Ni siku tu zinajilimbikiza, banda linajaa, kikohozi kinapita, orodha inaandikwa.

Wapo wanaosema tatizo dogo, shelta itangaze tu haiui. Mi nimekuwa mwangalifu na hilo. Best Friends, lile shirika la kuokoa wanyama la Utah, Marekani, wanatumia kipimo kwamba shelta ikiwaokoa angalau wanyama 90 katika kila 100 basi imefika, na nafasi ya hao wengine inaachwa kwa wale wenye maumivu yasiyotibika au hatari kweli kwa watu, na mimi naona ni kipimo cha haki, kwa sababu nimeshakaa na mbwa ambaye figo zimeisha na ile sindano ilikuwa ndo wema wa mwisho tuliokuwa nao. Lakini shelta inayofunga mlango na kusema tumejaa bila kumpa mtu njia nyingine, mnyama anaenda kutupwa barabarani na hesabu ya shelta inabaki safi. Au inamweka mbwa kwenye banda la zege miaka mitatu anazunguka mduara mpaka kucha zimeisha. Huyo hajauawa, sawa, lakini nenda kamwangalie machoni.

Kwetu tumebadilisha kidogo. Sio kwa sababu yangu, kulikuwa na watu wanapigania hili kabla sijafika, ila niliongea kwenye kikao na nikaisimulia habari ya Bobi na sauti ikakatika katikati. Ile sehemu ya vibox vya kutiki ikafutwa, sasa kuna mstari mtupu na swali moja juu yake, ungeweza kuendelea naye kama ungesaidiwa nini? Siku ya kwanza nipo na hiyo fomu akaja mama na mbwa wake mweusi, akasoma lile swali, akaweka kalamu chini, akakaa, akaanza kuongea, na tukaongea karibu saa nzima. Anaenda kujifungua mtoto, ameambiwa na ndugu zake mbwa na kichanga haviwezekani. Tulimwonyesha namna ya kumzoesha mbwa taratibu, tukampa namba ya kupiga akikwama. Ameshapiga mara mbili. Mbwa yuko nyumbani.

Si wote wanarudi naye. Wengine hawawezi kweli, na hao tunawapokea bila kuwakunjia uso, na jina la mnyama na anavyopenda kulala vinaandikwa kwenye kadi. Na kuna orodha nyingine sasa ukutani, ya walezi wa muda, watu wenye sebule. Tuko kumi na mmoja. Wa kulisha chupa usiku tuko watatu tu, kwa hiyo maboksi ya viatu yakija mawili wiki moja hatutoshi, na hatutoshi maana yake mnaijua.

Mkanda wa Bobi niliuona mwezi uliopita, ulikuwa umeangukia nyuma ya kabati la dawa. Wa ngozi, umelainika, tundu la tatu limetanuka kwa kuvaliwa miaka. Nimepiga namba iliyopo kwenye fomu ya mzee mara nne, haipatikani. Nimeuning'iniza hapa kwenye msumari karibu na mlango wangu, siku akitokea nisianze kuutafuta tena.

Mmoja ameanza kulia, yule wa kijivu, mdogo kuliko wenzake. Nimempima kabla ya kumwandalia chupa. Jana alikuwa gramu 196. Leo 207, na jicho la kushoto limefunguka kamstari.