Nilivyohifadhi ganda la urchini likabaki zima

Ganda zuri kuliko yote niliyowahi kuokota nililipoteza kwa ushauri mbaya, na hadi leo linaniuma. Nililikuta Chwaka, Unguja, siku za bamvua maji yamekupwa: urchini wa bahari, mnyama yule wa mviringo mwenye miiba mifupi anayekula majani ya bahari, keshakufa zamani. Mtu niliyemwamini akaniambia, "Lilaze kwenye dawa ya madoa usiku kucha, litatoka jeupe pe." Asubuhi ndani ya beseni hakuna ganda. Kuna rundo la vibamba kama vigae vilivyomwagwa.

Nilivichambua kutwa nzima, kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipolijua ganda lenyewe. Vibamba vya chokaa vimepangwa mistari 20 toka juu hadi chini, miwili miwili: jozi 5 zina vitundu vya kupitisha vimiguu laini vya mnyama huyo, jozi 5 hazina. Kinachovifunga pamoja ni nyuzi laini za kolajeni, aina ya protini, zilizopita kwenye viungo, na dawa ile ndizo inazozila. Sawa na kukata kamba za kitanda, ukitegemea mbao zitasimama.

Ganda la pili nililiacha kwenye dawa dakika chache tu, kifuniko kimoja cha dawa kwa bakuli la maji, na sikuondoka hapo. Kisha maji baridi, kisha kivulini.

Ujanja nilioupata mwenyewe ni huu. Nilivunja mwiba mmoja, nikagusisha ncha iliyovunjika kwenye tone la wino: wino ukapanda! Mwiba mzima una tabia ya fuwele moja ya kalisiti, yaani madini ya chokaa, lakini ndani umetobokatoboka kama sifongo, na ulipovunjika ulikatika kama chupa. Vibamba navyo ni hivyohivyo. Basi nikazimua gundi nyeupe ya mbao ikawa kama uji mwepesi, nikaipaka kwa ndani kwa brashi kupitia tundu la mdomo. Ganda likainywa yote.

Likishakauka, liweke juu ya kanga iliyokunjwa. Langu nililiwekea kopo la mchele juu, likatulia, nikaongeza la pili. Uzito unashuka mbavuni kama kwenye kuba la msikiti. Ila usilibonyeze kwa ncha ya kidole, litapasuka.

Vile vibamba vya kwanza ninavyo bado kwenye kibweta. Jioni navipanga upya, na nimefika mstari wa 7.