Ibara 42 kwa darasa lisilonyoosha mikono

Mkataba wa Nunavut, kati ya Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali ya Kanada, na serikali ya nchi hiyo, una ibara 42, zote kwa Kiingereza cha mawakili, kile ambacho sentensi moja humeza nusu ukurasa. Nilipoajiriwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, kwenye programu inayowaandaa vijana wa Kiinuit kwenda chuo, nilikabidhiwa somo hilo: wausome mkataba, wauelewe, waweze kuuandikia na kuuzungumzia mbele za watu. Nimesomea sheria Dar es Salaam na nimewahi kufanya kazi za ardhi ya vijiji upande wa Mbulu, ndiyo maana walinipa. Barafu nilikuwa naijua ya kwenye soda.

Nunavut ni eneo la kaskazini mwa Kanada lenye serikali yake, kubwa kuliko Tanzania mara mbili, lakini watu wake ni kama 40,000 tu. Wanaishi katika miji midogo 25 ambayo hakuna barabara hata moja inayoiunganisha. Ukitaka kwenda kwa jirani unapanda ndege, au skuta ya theluji kama bahari imeganda. Vijana wangu walikuwa wa miaka 18 na 19, wametoka huko moja kwa moja hadi jiji lenye mabasi, kodi ya nyumba na bili ya umeme. Hayo walifundishwa na wengine na waliyashika haraka.

Kabla sijaingia darasani, mwalimu mwenzangu, mama wa makamo kutoka kisiwa cha Baffin, aliniketisha chini. Akaniambia: mtoto wa Kiinuit akiinua nyusi amesema ndiyo, akikunja pua amesema hapana. Usingoje sauti. Tena usimnyooshee mtu kidole ukamtaka ajibu papo hapo mbele ya wenzake, kwa sababu kwao mtu huangalia kwanza, akajaribu pembeni, ndipo akasema. Hilo si tabia ya nyumbani tu. Serikali ya Nunavut imeliandika kati ya misingi yake: kujifunza kwa kuangalia na kutenda, kuamua kwa kushauriana hadi watu wakubaliane.

Kwa mtu aliyekulia kwenye madarasa ya "mwalimu, mimi! mimi!", hii ilikuwa likizo ya masikio. Nilipanga viti mduara, nikawa nauliza swali kisha nazisoma nyuso. Swali zito niliwaachia wawiliwawili walijadili kwa Kiinuktitut, lugha yao, halafu mmoja ananieleza kwa Kiingereza.

Mkataba sikuuanza Ibara ya 1. Nilianza na ya 5, ya wanyamapori, kwa sababu hapo kila mmoja alikuwa anajua kuliko mimi. Niliwaomba waniambie dubu mweupe anawindwaje kwao: nani anagawa vibali, vikiisha inakuwaje, nyama inaenda kwa nani. Baba wa kijana mmoja alikuwa mjumbe wa chama cha wawindaji cha mji wao, na vyama hivyo vimo ndani ya mkataba wenyewe. Nilipowafungulia ukurasa na kuwaonyesha mstari ambao mamlaka ya baba yake yanatoka, nyusi zilipanda darasa zima. Kuanzia siku hiyo sikuhitaji kumsukuma mtu asome.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya simu: mpigie bibi au babu, muulize habari za namba. Kuanzia miaka ya 1940 serikali ya Kanada iliwapa Wainuit vidude vidogo vya duara vya kuvaa shingoni, vyenye namba, kwa sababu maofisa walishindwa na majina yao. Namba za mashariki zilianza na E, za magharibi na W. Zilitumika hadi miaka ya 1970. Wengi darasani walikuwa wamezisikia kama hadithi, wakagundua kuwa bibi bado anaikumbuka ya kwake kwa kichwa. Insha walizoleta kuhusu hilo zilikuwa ndefu kuliko nilizoomba.

Na majina hayo yaliyowashinda maofisa yana utaratibu wake. Mtoto hupewa jina la marehemu, kisha jamaa humwita kwa cheo cha yule marehemu, hivyo utamsikia mama mzima akimwita kitoto "baba". Niliwaambia hata kwetu bibi humwita mjukuu "mume wangu". Wakacheka, na kutoka hapo tukawa tunaelewana kwa njia fupi.

Palipowaka moto ni Ibara ya 2. Humo Wainuit walikubali kuachia haki yao ya asili juu ya ardhi ili wapate haki zilizoandikwa kwenye mkataba: kilomita za mraba kama 350,000 zinazomilikiwa na Wainuit wenyewe (haki ya madini kwa takribani moja ya kumi tu), fedha, nafasi kwenye bodi, na eneo la Nunavut lenyewe, lililozaliwa tarehe 1 Aprili 1999. "Kwa hiyo walituuza?" aliuliza binti mmoja ambaye hadi hapo sikuwa nimeisikia sauti yake. Sikumjibu. Mduara ukazunguka kipindi kizima. Mwingine akasema waliosaini mwaka 1993 walianza madai hayo wakiwa na umri usiozidi wetu kwa miaka mingi, na waliokuwa wanasubiri upande wa pili ni watafuta madini. Hawakukubaliana, na sikutaka wakubaliane kwa ajili ya kengele.

Kisha wakanigeukia: kwenu je? Nikawasimulia Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wawindaji na warina asali, ambao mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwaka uleule wa Nunavut. Walitaka kujua kama na Wahadzabe waliachia kitu. Nikaeleza kwamba Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hati inalinda matumizi. Pua kadhaa zilikunjwa. Mjadala ule ulinifikirisha kuhusu sheria yangu mwenyewe kuliko semina nyingi nilizolipwa posho kukaa.

Ibara ya 23 ndiyo inayowahusu wao hasa: Wainuit wawe kwenye kazi za serikali kwa uwiano wa idadi yao, yaani kama asilimia 85. Hali halisi ni karibu nusu, na vyeo vya juu vimejaa watu kutoka kusini. Chama kinachosimamia mkataba kwa niaba ya Wainuit kiliishtaki serikali ya Kanada mwaka 2006 kwa kutotekeleza ahadi, ikiwemo hii, na mwaka 2015 wakamalizana nje ya mahakama kwa dola milioni 255.5, nyingi zikiwa za mafunzo. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza chuo ni cha nini.

Jioni za kushona nilihudhuria bila kualikwa rasmi. Wasichana kwa wavulana hukata ngozi ya sili kwa kisu cha mpini juu, chenye makali ya duara, wanashona mitteni (glavu zisizogawanywa vidole), pembeni wawili wameshikana mikono wanaimba kwa koo hadi mmoja acheke, naye ndiye aliyeshindwa. Sakafuni kuna boksi lililopasuliwa na nyama ya paa wa kaskazini, mbichi, imeganda. Nilikula. Ukiichovya kwenye mchuzi wa soya inapita vizuri. Ngozi ya nyangumi inataka meno. Nilikuwa nasahihisha insha humohumo, na swali ambalo mtu asingelithubutu darasani aliniletea sindano ikiwa mkononi.

Mtihani wa mwisho niliomba uwe wa kuzungumza, na uongozi ukakubali mradi kila mmoja awasilishe pia kurasa za maandishi. Waligawana ibara, wakazieleza mbele ya wageni kwa lugha zote mbili. Yule binti alichukua Ibara ya 2. Sasa anataka kusoma sheria, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa kama inawezekana kuisomea Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, bila kuhamia kusini. Nikamwambia imewahi kufanyika: Chuo Kikuu cha Saskatchewan kiliendesha shahada hiyo hukohuko kuanzia 2017 hadi 2021. Tumeanza kuandika barua kuulizia kama kundi jingine litafuata.