Kwera wa Dakatcha

Nimerudi Malindi jana magharibi, viatu vimeganda tope la Dakatcha, na hadi sasa nasikia kelele za kwera, wale ndege wafumaji, masikioni.

Tulikwenda kuhesabu viota vyao. Tulivuka daraja la mto Sabaki alfajiri, tukapita Marafa. Mbele kidogo bodaboda zikashindwa na utelezi, tukashika miguu. Masika ya mwaka huu yamejaza vinamasi. Mzee aliyetuongoza akaninong'oneza, "Mwanangu, tazama pale kwenye ndago." Nikainua darubini. Dume, kichwa na kifua vyeusi ti, tumbo la manjano, ananing'inia kichwa chini akifuma jani moja: analipenyeza, anazunguka, analivuta kwa mdomo, analipenyeza tena. Nilimtazama mpaka mikono ikaingia ganzi.

Kwera huyu, ambaye wataalamu humwita Ploceus golandi, haonekani popote duniani isipokuwa huku kwetu Kilifi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na miti ya mrihi ya Dakatcha. Aliingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1913. Watafiti hawakujua anakotaga hadi 2013. Miaka 100! Kule Arabuko walizoea kumwona juu ya mirihi akipekua wadudu pamoja na ndege wengine. Kumbe viota anavifuma chini kwenye majani ya kinamasi, tena mvua ikishiba, wakati ambapo njia hazipitiki. Nadhani hapo ndipo siri yake ilipojificha.

Njiani tulipita magunia ya makaa yamepangwa chini ya mwembe. Nilimuuliza mzee. Akanyamaza, kisha akasema, "Mahindi yakikauka, mwanangu, watu wale nini?" Sikuwa na jibu, na sitaki kujifanya ninalo leo. Ila kinamasi peke yake hakimlei kwera. Anaitaka na ile miti. Na usiku huu mama aliponiambia niwashe jiko, nimekaa na kipande cha kaa mkononi, nikipapasa mistari ya gome lake, nikijiuliza kilikatwa wapi.

Hesabu ya viota haikukamilika. Mvua ilitukuta katikati ya kinamasi, daftari likalowa, wino wote ukatapakaa. Hakuna nambari hata moja inayosomeka. Iliniuma sana.

Ijumaa tunarudi kabla maji hayajapungua. Mzee amesema nije na penseli.